UZI: Manesi na sheria ya watoto, yaliyonikuta kizimbani Tononoka

#1 Nesi_Kisauni (mwenye uzi)

Salamu aleikum, na habari za jioni kwa wote. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu kazini, hapa hapa Mombasa. Kituo sitakitaja. Ya mtoto nayo nimeyageuza: umri, mwaka, hata chakula kilichokuwa jikoni. Sababu yake mtaiona mkiendelea kusoma.

Nilikuwa naiti. Saa tisa za usiku akaingia mama na mtoto wa kama miaka minne, miguu yote miwili imeungua. Kauli yake: mtoto kavuta sufuria ya uji, ikammwagikia. Wodi ilikuwa imefurika, kitanda kimoja watoto wawili, na mwenzangu yuko upande wa pili na mama anayesukuma. Nikampa dawa ya maumivu, nikasafisha vidonda, nikafunga. Kwenye faili nikaandika mstari mmoja: ameungua na uji nyumbani, kwa bahati mbaya. Nikatia sahihi, nikaenda kwa mwengine.

Miezi minane baadaye naletewa samansi. Mahakama ya watoto, Tononoka. Kumbe jirani alikuwa amepeleka habari kwa afisa wa watoto kuhusu jambo jengine kabisa, na uchunguzi ukarudi nyuma mpaka kwenye faili langu. Wakili akanipa karatasi nisome mwandiko wangu mwenyewe. Kisha akauliza, taratibu, wala hakupandisha sauti:

"Sista, uji ulipomwagika ulikuwepo?"

Sikuwepo.

"Sasa haya maneno 'kwa bahati mbaya' uliyapata wapi?"

Jamani, nilitamani sakafu ipasuke. Kwa sababu niliyoyaona nilikuwa nimeyaona. Uji ukimwagika kutoka juu huruka: utakuta tone kifuani, mchirizi pajani, doa mkononi. Ile miguu ilikuwa imeungua sawasawa pande zote, mpaka juu kidogo ya vifundo, halafu mstari umekatika kama amevaa soksi. Juu ya mstari hakuna tone hata moja. Na mama alisema ilitokea magharibi, ilhali mimi nampokea saa tisa za usiku. Yote hayo nayakumbuka hadi leo, pamoja na rangi ya leso aliyojifunga. Kwenye faili hayamo. Hakimu akainama akaandika.

Chuoni habari za sheria ya watoto tulipewa alasiri moja, joto la Februari, nusu ya darasa limelala. Kwa hivyo nauliza wenzangu na wanaojua sheria: nesi anatakiwa afanye nini hasa? Maana mimi nilidhani nikinyamaza sina kosa.

#2 Mwanafunzi_Mwaka2

Pole sista. Swali la kijinga: ungeandika nini basi? Tukiandika "huyu mtoto ameteswa", si ndio tutashtakiwa sisi kwa kusingizia watu?

#3 Bi_Mstaafu

Si la kijinga, mwanangu. Mimi nimestaafu, ni katika wale ambao Coast General twaiita Makadara mpaka leo. Ntakwambia nilivyofunzwa na sista mmoja mkali sana, Mungu amrehemu.

Faili lina sauti mbili, usizichanganye. Moja ni ya aliyemleta mtoto. Hiyo iweke ndani ya alama za kunukuu na useme ni ya nani: Mama asema, "amevuta sufuria." Ya pili ni ya macho yako. Hapo huandiki "ameteswa" wala huandiki "bahati mbaya". Waandika: miguu yote miwili imeungua, mpaka kati ya palipoungua na ngozi nzima ni mstari mnyoofu, sentimita kadhaa juu ya kifundo, hakuna alama za kurukiwa kifuani wala mapajani. Chora. Picha ya mtu wa vijiti, mbele na nyuma, yatosha. Andika saa aliyoingia na saa waliyosema imetokea, zote mbili, wala usiulize kwa nini zimeachana. Mwenye kusoma ataona mwenyewe.

Na mtoto akisema neno, liandike hilo hilo. Akisema "dudu", andika "dudu". Usimtafsirie, usimpambie, usimtie maneno ya kidaktari. Nimeona kesi ikiyumba kwa sababu muuguzi mstaarabu aliona haya kuandika neno la mtoto akaweka la Kizungu, kisha wakili akauliza mtoto wa miaka mitano amejuaje Kizungu hicho.

Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, tia sahihi, endelea. Wino mweupe ni wa barua za mapenzi.

Mwisho, mwambie in-chaji, yaani msimamizi wako wa wodi, na uandike kwamba umemwambia, na saa. Akikwambia "usijiingize", andika hilo pia. Utashangaa jinsi atakavyobadilisha kauli akikuona umeshika kalamu.

#4 Baba_Zu

Mimi naja upande wa pili, mnisamehe. Nyinyi manesi mkishaanza upolisi hamshikiki.

Mwaka jana tulimpeleka bintetu kwa chanjo, ana miezi michache tu. Nesi kamgeuza, akaona mabaka ya bluu kiunoni na kwenye matako. Akatuuliza mbele ya foleni nzima, kwa sauti ya sokoni Kongowea: "Huyu mtoto mwampiga na nini?" Kina mama wote kwenye benchi wakageuka. Mke wangu alilia ndani ya tuktuk mpaka tukafika nyumbani. Mabaka yale kazaliwa nayo! Daktari tuliyemwona baadaye alicheka tu, akasema ni alama za kuzaliwa, watoto weusi wengi huwa nazo, hufifia zenyewe mtoto akikua.

Tangu siku hiyo mama Zu hataki hata kusikia jina la kliniki ile. Sindano ya surua ya miezi tisa tulikwenda kupiga ng'ambo ya pili ya feri. Sasa niambieni, sheria imemlinda nani hapo?

#5 Nesi_Kisauni

Baba Zu, pole, na mpe pole mama Zu. Mwenzetu alikosea mara mbili. Kwanza mabaka yale yatakiwa yaandikwe siku mtoto anazaliwa, kwenye kile kitabu cha mama na mtoto, ndipo kila atakayemwona baadaye ajue. Bluu ya kuzaliwa hukaa vile vile wiki hadi wiki. La kipigo hugeuka rangi ndani ya siku chache, kijani, manjano, kisha hupotea. Ukiwa na shaka, mwambie mama arudi baada ya siku kadhaa, umtazame tena.

Pili, hata angekuwa sahihi, lile si swali la foleni. Mtu huitwa kando, mlango ukafungwa, ukauliza kwa swali lisilo na jibu ndani yake: "Nieleze alama hizi." Ukisha kusema "mwampiga na nini" umeshahukumu.

Na hapa ndipo nilipokuwa mjinga miaka yote: nilidhani ukiripoti lazima uwe na uhakika.

#6 Wakili_Makupa

Nimeusoma uzi wote nikisubiri samansi ya mtu mwengine, kwa hivyo nina wakati. Niko upande wa sheria, si wa sindano.

Sheria tunayoitumia sasa ni Sheria ya Watoto, Na. 29 ya 2022, ilianza kazi tarehe 26 Julai 2022 na kuifuta ile ya 2001. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Si "ameshavunja ungo", si "ana mwili mkubwa", si "ameshamaliza shule". Nasema hivi kwa sababu kila wiki nasikia moja katika hizo tatu.

Juu yake iko Katiba, kifungu cha 53. Kinampa mtoto haki ya chakula, malazi na matibabu, na ulinzi dhidi ya kudhulumiwa, kutelekezwa na mila zinazodhuru. Kisha 53(2) chasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Hilo neno "kila" ndilo linalokufikia wewe nesi ukiwa na toroli la dawa. Halikuandikwa kwa ajili ya mahakimu peke yao.

Sasa kuripoti. Kifungu cha 144 cha Sheria ya Watoto chaeleza mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi ni yupi, na orodha ni ndefu: aliyetelekezwa, anayedhulumiwa, anayetumikishwa, aliye hatarini kuozwa au kukeketwa, na wengine wengi. Anayemshuku yuko katika hali hiyo humpelekea habari afisa wa watoto, polisi au chifu. Kinachotakiwa kwako ni sababu ya msingi ya kushuku. Kuthibitisha ni kazi ya mahakama, ndiyo maana kuna mahakama. Kama ni usiku na hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya watoto, ni bure na hupokelewa saa 24. Hospitali kubwa zina afisa wa ustawi wa jamii, mwamshe.

Wengine watasema: na siri ya mgonjwa je? Siri ipo, Sheria ya Afya ya 2017 imeitia kwenye maandishi. Lakini mgonjwa wako ni mtoto. Siri ile ni yake, haikuwekwa imfiche anayemuunguza.

Sahihi za ridhaa nazo zina vituko vyake. Mama amekaa na mtoto mwenye apendeksi, asema hawezi kutia sahihi mpaka baba yake aliye Doha apokee simu. Katiba, 53(1)(e), yawapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wameoana au hawakuoana. Mama aliyepo atosha. Nyanya anayelea mjukuu, mwenye mtoto mikononi mwake, anaweza kufanya lile la busara kumnusuru. Usimrudishe Mariakani kutafuta karatasi. Na likiwa la dharura, mtoto anakata roho, Katiba hiyo hiyo, 43(2), yakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inakuruhusu kutibu pale ambapo kuchelewa kutaua au kuleta madhara yasiyorekebika, na kifungu chake cha 7 kinatoza faini kituo kinachokataa huku kina uwezo. Andika kwamba mlimtafuta mzazi, saa ngapi, namba gani haikupokelewa.

Mzazi akiwepo na akakataa, kwa mfano damu kwa sababu ya imani, hapo mbio za Tononoka. Mahakama yaweza kuamuru mtoto atibiwe. Imani ya mzazi yaheshimiwa kwa mwili wake mzazi.

#7 Dereva_Tuk

Uzi mrefu. Muhtasari tafadhali.

#8 Bi_Mstaafu

Hakuna muhtasari. Soma, una macho.

#9 Ofisa_Likoni

Mimi ni ofisa wa kliniki, wagonjwa huniita daktari na mimi huitika. Nataka kusema juu ya watoto walionajisiwa, kwa sababu hapo ndipo makosa yetu huwa hayarudi nyuma.

Kosa la kwanza: "Nendeni polisi kwanza mlete OB," yaani namba ya kitabu cha matukio cha polisi. Hapana! Saa inakwenda. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa ukiwahi ni bora, kisha zinamezwa siku 28. Ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mtu anapanda feri kwenda kituo cha polisi, anaambiwa afande wa deski ya jinsia ametoka, arudi kesho. Kesho ni Jumapili. Jumatatu anafika kwako saa zimekwisha. Mtibu. Polisi watakuja au mtawafuata. Na matibabu hayo hayalipiwi katika hospitali za umma, ni kifungu cha 35 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mwenye kudai elfu ya faili aulizwe anaiweka wapi.

Kosa la pili ni fomu. Ziko mbili, watu wanazichanganya. Ya PRC, yaani ya matunzo baada ya kubakwa, ni ya hospitali, hujazwa pale pale mtoto alipochunguzwa, nakala tatu: ya asili ya polisi, moja ya mgonjwa, moja inabaki. Ya P3, ya ripoti ya uchunguzi wa mwili, ni ya polisi, nayo haiuzwi, nimechoka kusema. Muuguzi aliyesajiliwa anaweza kujaza PRC. Kwa hivyo lile la "ngojeni daktari wa Jumatatu" halina miguu.

Kosa la tatu ndilo linaniuma. Mama kwa uchungu wake amemwogesha mtoto na kufua chupi kwa Jik. Usimfokee, angefanya nini kingine? Lakini kama nguo bado ipo, usiitie kwenye mfuko wa nailoni. Hata kama serikali isingepiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, nailoni inashika unyevu, nguo inaota ukungu na ushahidi unaoza. Iache ikauke kivulini, itie kwenye bahasha ya khaki, andika jina, tarehe, saa, nani ameikabidhi kwa nani, tia sahihi juu ya mahali ulipogandisha. Mimi huweka bahasha kumi kwenye droo yangu, nanunua mwenyewe, kwani nikisubiri stoo nitastaafu.

Halafu kuna "tumeelewana". Mjomba wa mtoto anakuja na mjomba wa mshukiwa, pamoja, wamevaa kanzu zimepigwa pasi, wanataka faili lifungwe kwa sababu wazee wamekaa. Nawaambia: mimi si mwenye kesi, na nyinyi pia si wenye kesi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kimempa mwendesha mashtaka mkuu peke yake uwezo wa kusema kesi isiendelee. Mtoto wa miaka 11 kushuka chini, adhabu ni kifungo cha maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15. Hapo kanzu hukunjwa taratibu.

Na la mwisho, halipendwi kutajwa kantini: kifungu cha 24 cha sheria hiyo hiyo kinatuhusu sisi. Mfanyakazi wa hospitali anayetumia nafasi yake kumharibu mgonjwa, si chini ya miaka 10.

#10 Mkunga_Mshomoroni

Ofisa, barakallah. Sasa nisaidieni na langu, silali nalo vizuri.

Kaja kliniki ya wajawazito binti wa miaka 16, mimba ya miezi mitano, na kijana anayejiita mume. Nyuma yao mama mkwe, ndiye mwenye kujibu kila swali. Ati wameoana kidini, mahari yametoka. Kwanza: kipimo cha virusi nampima kwa ridhaa ya nani? Pili: nikimripoti yule kijana, huyu binti kesho harudi, atajifungulia kwa mkunga wa mtaani, na shinikizo lake la damu siku ile halikunipendeza. Nisiporipoti, je?

#11 Wakili_Makupa

Cha kwanza ni chepesi. Sheria ya ukimwi, Na. 14 ya 2006, kifungu cha 14, yataka ridhaa ya mzazi kumpima mtoto, lakini imemtoa mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au aliye katika hali ya kuambukizwa. Huyu aridhia mwenyewe. Mtoe mama mkwe nje ya chumba kwa adabu, mtume akalete kitu.

Angalia tu kwamba si kila huduma iko hivyo. Sheria ya 2022 ilipozungumzia haki ya afya, kifungu cha 16, iliweka sharti kwamba huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitolewe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Wenzangu wengi hawalipendi sharti hilo, nami mmoja wao, kwani kuna mabinti ambao mzazi ndiye tatizo lenyewe. Lakini ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Ndoa: Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 4, hakuna anayeoa au kuolewa chini ya miaka 18. Iwe kanisani, msikitini au chini ya mwembe. Kwa hivyo pale mbele yako hapana mume, pana kosa la jinai. Kuripoti ndiyo njia.

#12 Bi_Mstaafu

Wakili yuwasema kweli, lakini yuwasema kutoka ofisini. Mimi ningefanya hivi, Mkunga. Siku ya kwanza, shinikizo la damu, vipimo, kitanda ikilazimu. Nipate dakika kumi na binti peke yake: anakula? Anapigwa? Alitaka ndoa hii? Halafu nampigia afisa wa watoto mimi mwenyewe, namwomba aje kwa njia ya kumsaidia binti, asije na landirova na wanaume wanne. Wengi wao ni watu wa maana, wajua kuja na sare wakati wake na kuja bila sare wakati wake. Binti namwambia mapema kwamba nitazungumza na mtu, nani, na kwa nini. Asije akajua kwa kushtukizwa. Kumficha ndiko kutakakomfanya asirudi, kuliko ripoti yenyewe.

#13 Mkunga_Mshomoroni

Shukran, Bi Mkubwa. Nitajaribu hivyo.

Ngoja niongeze jambo ambalo wakunga tunalijua na hatulisemi. Mwaka mmoja alinijia shangazi wa watu, mtu wa heshima, kanipa bahasha chini ya trei ya vyombo. Nikadhani ni shukrani ya kuzalisha. Kumbe ni mjukuu wa kike wa miaka saba. Wataka "niguse kidogo tu", kwa mkasi wa hospitali, kwa ganzi, kwa usafi. "Wewe ni nesi, hutamuumiza kama wale wa zamani." Nilirudisha bahasha mikono ikitetemeka. Na kuna mwenzetu mahali fulani anazipokea, hilo nalijua.

#14 Wakili_Makupa

Mkunga, ulifanya nusu, na iliyobaki ni muhimu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji, Na. 32 ya 2011, haijali ni wembe wa jikoni au mkasi uliochemshwa. Imewataja watu wa afya waziwazi, mpaka mwanafunzi anayesomea ukunga au udaktari. Ridhaa ya msichana au ya familia si utetezi. Adhabu si chini ya miaka mitatu jela, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili.

Na kifungu cha 24: ukijua kwamba kimefanyika, kinafanyika au kinapangwa, na usiripoti, wewe mwenyewe umevunja sheria. Hapo ndipo jibu la swali la Sista pale juu, la "nikinyamaza sina kosa". Kwa ukeketaji, kunyamaza ni kosa lenye kifungu.

Daktari Tatu Kamau aliipinga sheria hii mahakamani mwaka 2017, akidai mwanamke mzima ana haki ya kuamua. Mahakama Kuu ilitupilia mbali ombi hilo Machi 2021.

#15 Mkunga_Mshomoroni

Sikujua hicho cha 24. Kumbe nilirudisha bahasha nikajiona nimemaliza.

#16 Baba_Zu

Je, kimeo? Mamangu alitaka kumkatisha Zu kimeo kwa mzee mmoja, ati ndicho kinacholeta kikohozi.

#17 Ofisa_Likoni

Usithubutu. Nimepokea mtoto anavuja damu kooni kutoka kwa "mzee mmoja". Kile kinyama kina kazi yake, na kikohozi kina sababu nyingine kabisa, aghalabu mafua au kichomi. Mila inayodhuru ni mila inayodhuru, hata kama si ile inayotajwa redioni. Mlete Zu, tutasikiliza kifua.

#18 Baba_Zu

Kwa masharti usimgeuze mgongo mbele ya foleni 😂

#19 Ofisa_Likoni

Nimelistahili hilo kwa niaba ya wenzangu.

#20 Mwanafunzi_Mwaka2

Swali la mwisho. Kwenye grupu letu la WhatsApp la kliniki watu hutuma picha za vidonda ili wasaidiane. Juzi imekuja ya mtoto, uso wote unaonekana, na chini yake "jamani ona unyama huu". Imeshafika mpaka kwa shangazi yangu Voi, ambaye ni mwalimu.

#21 Nesi_Kisauni

Sasa umenikumbusha kwa nini niligeuza ile hadithi yangu pale mwanzo.

Picha ya kidonda kwa ajili ya matibabu ni sehemu ya faili, inakaa kwenye faili. Ikihitajika ushauri, hutumwa kwa mtu mmoja anayetibu, bila uso, bila jina, na mzazi amekubali. Habari za mtoto kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zataka idhini ya mzazi au mlezi, na za afya ndizo nyeti kupita zote. Usidhani ni vitisho vya karatasi: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Wale walikuwa watoto wanaocheka kwenye picha. Yako ni ya mtoto aliyedhulumiwa, na siku moja atakuwa na miaka ishirini, mtu atamwonyesha simu.

Ifute, mwambie aliyeituma afute, na umwambie shangazi wa Voi.

#22 Dereva_Tuk

Nimesoma yote. Wallahi sikupanga.

Sista, swali moja tu. Yule mtoto wa miguu ya soksi, mahakama iliamuaje? Yuko wapi sasa?

#23 Nesi_Kisauni

Faili lililosaidia halikuwa langu. Lilikuwa la daktari wa zamu ya asubuhi, aliyefungua bendeji, akachora miguu miwili kwa kalamu nyekundu, akapima mstari kwa rula na kuandika "hakuna alama za kurukiwa". Dakika tano za kazi.

Ya mtoto yuko wapi, hilo ni lake, si langu kuliandika hapa. Naingia naiti, feni ya wodi bado mbovu. Mkiwa na maswali mengine nitajibu asubuhi.